Königsberg, Götzen au Glasgow: uanze kuchimba historia ya meli ipi?

Wapenzi wengi wa historia za manowari huwa tunaanzia kulekule, Trafalgar, Jutland, Bismarck, halafu baadaye sana ndo mtu anakuja kushtuka kwamba hapahapa Afrika Mashariki kuna meli zimepigana, zimezama, na moja ilizamishwa ikaibuliwa ikabeba abiria karibu karne nzima, ila ukiuliza watu kumi wakusimulie kisa kizima kila mmoja ana chake. Hamu inapanda hapo. Na swali linakuja hapohapo, uanze na ipi? Ukizigusa zote kwa mpigo utaishia kujua vijipande tu, na hobi hii utamu wake ni kuzama kwenye kisa kimoja mpaka ujue hata makaa yalitoka wapi.

Nimechukua tatu: Königsberg ya Rufiji, Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika (leo inaitwa MV Liemba), na Glasgow ya Sultani wa Zanzibar. Tanga ya Novemba 1914 nimeiacha makusudi, ile ni vita ya nchi kavu zaidi na wale nyuki walioshambulia askari wameshasimuliwa vya kutosha.

Tunazipima kwa nini

Kwanza kisa chenyewe, yaani kina urefu na ugumu gani, ni cha wikiendi moja au cha miaka. Pili, kuna nini cha kuona kwa macho, maana wengine bila kugusa chuma hatulali. Tatu karatasi, kumbukumbu ziko wapi na ziko kwa lugha gani, hili watu hulidharau mwanzoni halafu linawakwamisha katikati. Nne ni watu wa kwetu wanaonekana kiasi gani humo ndani, kwa sababu visa hivi vyote vitatu viliandikwa zaidi na maofisa wa Kizungu, na aliyebeba mzigo kichwani mara nyingi hana jina. Kwangu hicho cha nne kina uzito kuliko vyote, wewe unaweza kupanga unavyotaka.

Königsberg, delta ya Rufiji

Kisa. Hii ni kruza nyepesi ya Kijerumani (manowari ya kasi, si ya zile kubwa), urefu kama mita 115, mizinga 10 ya sentimita 10.5, kamanda anaitwa Max Looff. Ilifika Dar es Salaam Juni 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipotangazwa ilishatoka bandarini, Agosti ikakamata meli ya mizigo ya Waingereza, City of Winchester, huko upande wa Uarabuni, na tarehe 20 Septemba alfajiri ikaibukia Zanzibar ikaikuta HMS Pegasus imetia nanga, mashine zimefunguliwa zinatengenezwa, haiwezi kukimbia wala kugeuka. Ikaipiga mpaka ikazama, wakafa Waingereza zaidi ya 30. Baada ya hapo mashine za Königsberg yenyewe zikagoma, Looff akaenda kujificha Rufiji ndani ya mikoko, na hapo ndo kisa kinakolea.

Waingereza walimgundua mwishoni mwa Oktoba lakini hawamfikii, manowari zao ni nzito na mikondo ya delta ina kina kidogo. Tarehe 10 Novemba wakazamisha meli ya makaa, Newbridge, kuziba mkondo mmoja, haikusaidia kitu maana delta ina midomo mingi. Wakaleta ndege, na ndege za wakati huo ni mbao na kitambaa na gundi, joto la pwani likawa linazibomoa zenyewe kabla hata ya risasi. Januari 1915 wakaichukua Mafia wakaifanya kituo chao. Mwisho wa yote wakaleta monita mbili, Severn na Mersey, manowari bapa zilizoundwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazil, zinaelea kwenye maji yasiyofika hata mita 2, zikavutwa kwa kamba kutoka Malta mpaka huku.

Shambulio la kwanza, 6 Julai 1915, zilipigwa kombora zaidi ya 600 na kazi haikuisha, Mersey ikapigwa na ikapoteza watu kwenye mzinga wake. Tarehe 11 wakarudi. Hapa kuna kipande ambacho mi nimekisoma mara nyingi na bado sikichoki: juu ya delta kuna ndege moja, rubani John Cull na msaidizi wake Arnold, kazi yao ni kuangalia kombora limeangukia wapi na kutuma masahihisho kwa redio, ongeza, punguza, kulia. Königsberg ikaipiga ile ndege. Injini imekufa, wanashuka kuelekea mtoni, na Arnold bado anabonyeza redio anawaambia Severn kwamba mnapiga sasa, na bado anawasahihisha. Wakaangukia majini karibu na Mersey wakaokolewa, na masahihisho yale ya mwisho ndo yaliyoimaliza Königsberg. Looff akaamuru wailipue wenyewe kwa kichwa cha torpedo.

Halafu kisa hakiishi! Wajerumani waliitoa mizinga yote 10 majini, wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam, ikaenda kupigana nchi kavu. Kwa hiyo ukiishika Königsberg ujue umeshika na kampeni nzima ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, huponi.

Cha kuona. Rufiji penyewe usitegemee. Mabaki yalikuwa yanaonekana juu ya maji miaka mingi, mpaka miaka ya 1960 huko tope likayameza. Cha maana ni mizinga: mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na hapohapo kuna mzinga wa Pegasus, wabaya wawili wanapigwa jua pamoja. Mwingine uko Pretoria, Union Buildings. Mabaharia wa Pegasus wamezikwa kwenye kisiwa cha Chapwani, hapo mbele ya Mji Mkongwe, boti haichukui muda. Mafia nayo inafaa kwa mtu anayetaka kuelewa jiografia, ukisimama pale ukaangalia upande wa bara unaelewa kwa nini Waingereza waliing'ang'ania.

Karatasi. Kwa Kiingereza na Kijerumani ziko tele. Daftari za kila siku za manowari nyingi za Uingereza za vita ile zimechapwa upya na watu wa kujitolea na ziko mtandaoni bure, unasoma hali ya hewa, idadi ya wagonjwa, makaa yaliyobaki, siku baada ya siku. Za Kijerumani nyingi ziko Freiburg kwenye hifadhi ya kijeshi. Angalizo moja, Looff na Lettow-Vorbeck hawakuwa wanaelewana na wote wawili waliandika kumbukumbu zao, ukimsoma mmoja peke yake umeshapotea nusu.

Watu wa kwetu. Wapo, na bila wao hakuna kisa. Zile mashine zilizogoma zilikokotwa na watu kwa nchi kavu kutoka delta mpaka karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikakokotwa kurudi. Mizinga nayo hivyohivyo, mzinga mmoja unavutwa na mamia ya wapagazi kwenye vumbi na matope. Lakini majina? Utatafuta sana. Orodha za maofisa wa Königsberg zina mpaka cheo cha daktari, wapagazi wanahesabiwa kama mizigo.

Inamfaa nani. Mwenye subira, anayependa ufundi (mizinga, kina cha maji, redio, ndege za mwanzo) na ambaye hajali kisa kikimtawanyika kila upande. Asiyependa kusoma meza za kupwa na kujaa kwa maji ataona delta inamchosha.

Graf von Götzen, Ziwa Tanganyika

Kisa. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaungwa, ikafunguliwa tena, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa mpaka Kigoma, ambako reli ya kati ilifika 1914. Pamoja nayo walikuja mafundi watatu wa kiwanda, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, wakaiunga upya pale Kigoma, ikaingia majini Februari 1915. Ikafungwa mzinga mmoja wa, nadhani umeshabahatisha, Königsberg.

Kwa hiyo Wajerumani wanatawala ziwa. Waingereza nao wakaja na mpango ambao ukiusoma mara ya kwanza unahisi mtu anakutania: boti mbili za injini, Mimi na Toutou, urefu kama mita 12 kila moja, zitoke Uingereza kwa meli mpaka Cape Town, zipande treni mpaka Fungurume kule Katanga, halafu zikokotwe porini kupanda milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na maksai, zirudi kwenye reli, zishuke mto Lualaba, reli tena, ziwa. Na zikafika! Kamanda ni Geoffrey Spicer-Simson, mtu wa majigambo, anavaa sketi kwa sababu ya joto, majina aliyotaka mwanzo ni Cat na Dog wakubwa wakamkatalia. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka Kingani, boti ya Wajerumani, wakaibatiza Fifi, na 9 Februari 1916 wakaizamisha nyingine yao, Hedwig von Wissmann. Götzen ilipotoka kuja kumtafuta mwenzake aliyepotea, Spicer-Simson akakataa kwenda kupigana nayo. Mimi simlaumu kwa hesabu za mizinga zilivyokuwa, lakini kwa mtu aliyekuwa anajisifu vile watu wake walimshangaa.

Julai 1916, Wabelgiji, waliokuwa wanatawala Kongo ng'ambo ya ziwa, wanakaribia Kigoma, Wajerumani wakaamua kuizamisha Götzen wenyewe, na ule mzinga wake wa maana ulikuwa umeshaondolewa kupelekwa nchi kavu. Sasa angalia jambo moja dogo hapa: kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mashine yote grisi, nene, kila mahali, kisha wakaijaza mchanga. Yaani wanaizamisha huku wanaitunza. Wabelgiji waliiibua ikazama tena, Waingereza wakaiibua 1924, wakakuta mashine bado nzima, na Mei 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Mashine ya mvuke iliendelea mpaka miaka ya 1970 ilipowekwa dizeli.

Cha kuona. Hapa hakuna mshindani, meli yenyewe ipo, chuma kilekile cha 1913. Kwa miongo mingi ilikuwa inabeba abiria, dagaa na mananasi kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Imekuwa ikisimama kwa matengenezo ya muda mrefu kwa hiyo uliza Kigoma kwanza kabla hujafunga begi. Ukipata bahati ya kuipanda, tazama riveti za ubavuni, meli iliungwa upya hapahapa Kigoma.

Karatasi. Za Kiingereza nyingi lakini tahadhari, kwa sababu kisa kinachekesha waandishi wengi wamekitia chumvi, kila anayekisimulia anaongeza chake. Kijerumani zipo. Ila ukitaka kujua Wabelgiji walifanya nini (na walifanya makubwa, ndege zao ndo zilizokwenda kuilipua Kigoma 1916) itabidi Kifaransa, na wengi wetu hapo ndo tunaishia.

Watu wa kwetu. Wanaonekana kwa mbali. Kwenye ile safari ya porini, matrekta yalipokosa maji ya boila, wanawake wa vijijini ndo waliobeba maji vichwani ili mashine iendelee kunguruma, sentensi moja tu kwenye simulizi halafu tunarudi kwenye sketi ya Spicer-Simson. Inasimuliwa pia kwamba Waholoholo wa ufukweni walimfanya kama mungu wakamfinyangia sanamu. Mi hapo huwa natia shaka kubwa, maana Waholoholo wenyewe hakuna aliyewauliza. Na vibarua walioiunga Götzen Kigoma pamoja na wale Wajerumani watatu, hao nao hatuna majina yao.

Inamfaa nani. Anayeanza kabisa, anayependa kisa chenye mwanzo na mwisho, anayetaka kumvutia na rafiki ambaye historia huwa inamlaza. Pia wapenda reli na mashine za mvuke. Anayetaka mapigano ya maana hapa atapungukiwa kidogo, kwa kweli mapigano yenyewe ukiyajumlisha hayafiki hata siku moja.

Glasgow, bandari ya Zanzibar

Kisa. Hiki watu wanadhani wanakijua, "vita fupi kuliko zote duniani", wanakutajia dakika basi. Kifupi: Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki 25 Agosti 1896, Khalid bin Barghash akaingia ikulu siku hiyohiyo bila ridhaa ya konseli wa Uingereza, wakati mkataba ulishataka ridhaa hiyo. Alishajaribu hivyohivyo 1893. Akapewa mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera, hakushusha, hakuamini kama wangepiga. Admirali Rawson alikuwa na manowari tano mbele ya ikulu, kubwa ikiwa St George. Saa 3 na dakika 2 mizinga ikaanza. Glasgow, jahazi la kifalme la Sultani lililoundwa Scotland 1878 baada ya kimbunga cha 1872 kumaliza meli zake, ikathubutu kuijibu St George kwa vimizinga vyake, ikazamishwa, milingoti ikabaki imechomoza juu ya maji. Saa 3 na dakika 40 kimya. Upande wa Khalid waliokufa na kujeruhiwa ni kama 500, upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Ndo maana ukisikia dakika 38 na mwingine anasema 45 wasikugombanishe, inategemea unaanzia kuhesabu wapi na unaishia wapi.

Kinachofuata baadaye kwangu ni kitamu kuliko mizinga. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, Waingereza wakauzunguka wakisubiri atie mguu barabarani. Tarehe 2 Oktoba bahari ilijaa sana, mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ikaingia mpaka kwenye geti la bustani, Khalid akatoka ubalozini akakanyaga moja kwa moja mashua, hakugusa ardhi ya Zanzibar hata hatua moja. Akakaa Dar es Salaam mpaka Waingereza walipomtia mkononi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akapelekwa Shelisheli na St Helena, akafia Mombasa 1927.

Cha kuona. Unatembea kwa miguu. Eneo la ikulu Forodhani, makumbusho ya ikulu, na Beit al-Ajaib ambayo ilinusurika mizinga ya 1896, ikaja kuporomoka sehemu yake Desemba 2020. Glasgow ilikatwakatwa 1912, mabaki yako chini ya bandari, kwa mpiga mbizi.

Karatasi. Kiingereza, na nyingine kwa Kiarabu na Kijerumani. Faida kubwa ni Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar iko palepale kisiwani.

Watu wa kwetu. Hapa ndo Glasgow inazishinda zile mbili. Wahusika wakuu wana majina, nasaba na makaburi. Wazanzibari walikuwa pande zote, askari waliokuwa chini ya ofisa wa Kiingereza Arthur Raikes upande wa Waingereza, na ndani ya ikulu watumishi, watumwa na raia wa kawaida waliopewa bunduki. Hao wa mwisho tena ndo hawana majina, lakini angalau kuna familia Mji Mkongwe ambazo bado zinasimulia.

Inamfaa nani. Anayependa siasa nyuma ya mizinga, mwenye muda mdogo, au aliye na wazee wa kuwauliza. Mpenda ufundi wa manowari ataona imeisha kabla hajakaa sawa.

Ukiziweka pamoja

Kwa ugumu, Königsberg iko juu, Götzen katikati, Glasgow ni nyepesi kwa tukio ila nzito kwa sababu zake. Kwa kuona, Götzen ni meli nzima, Glasgow ni mtaa mzima, Königsberg ni mizinga iliyotawanyika nchi tofauti. Kwa lugha, kama una Kiingereza tu, Königsberg itakupa mengi zaidi. Na kwa watu wa kwetu, mpangilio unapinduka, Glasgow kwanza.

Kwa hali yako

Una wikiendi tatu na simu tu? Glasgow. Unaunda meli ndogo za mbao au plastiki? Königsberg, michoro na picha zake zipo nyingi, na Severn ni changamoto nzuri kwa anayependa maumbo ya ajabu. Una watoto au mtu wa kumvuta kwenye hobi, mpe Götzen na mwache Spicer-Simson afanye kazi yake. Unasoma Kijerumani, nenda Königsberg bila kuuliza. Unasoma Kifaransa, nakuomba uchukue upande wa Wabelgiji kule Tanganyika, wengi tumeuruka kwa sababu ya lugha. Kama unachotaka hasa ni wapagazi na vibarua, chukua mizinga ya Königsberg mmoja mmoja ufuate ulikopita, vijiji kwa vijiji, ni kazi ya miaka lakini njia ya mzinga mzito huwa inaacha kumbukumbu kwa waliouvuta.

Na kama zote tatu hazijakugusa, iko Ziwa Nyasa: Agosti 1914 Kapteni Rhoades wa Gwendolen, meli ya Waingereza, alikwenda Liuli, wakati huo Sphinxhaven, akaipiga Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wake Berndt, rafiki yake wa kunywa naye, akaja kwa mashua ndogo kafura kwa hasira akimuuliza kama amelewa, maana habari ya vita ilikuwa haijamfikia. Kisa cha jioni moja hicho. Kufika Liuli ndo shughuli.